Mafua Niliyompelekea Ayeyo

Hebu nikuulize swali, msomaji, nawe ujibu kimoyomoyo bila kumwambia mtu. Mara ya mwisho uliposhikwa na mafua, ulimpa nani mkono? Ulimbusu nani? Ulilala chumba kimoja na nani? Ikiwa umesahau, usione haya. Wengi wetu husahau, kwani mafua ni ugonjwa usiotiliwa maanani. Mtu hupiga chafya, hupenga kamasi, hunywa chai ya tangawizi, na baada ya siku nne au tano anaendelea na shughuli zake kana kwamba hakukuwa na lolote.

Mimi sijasahau. Naikumbuka siku, naikumbuka saa, na namkumbuka niliyembusu mkono.

Ilikuwa juma la Idd ya kuchinja, mwishoni mwa Juni 2023. Nairobi ilikuwa na baridi ile ya kuingia mifupani, na katika ofisi yetu karibu kila mtu alikuwa na leso mkononi. Mimi nilikuwa katika siku ya pili ya mafua. Koo lilikuwa likiwasha na pua ikitiririka, lakini sikuwa na homa kali, na tikiti ya basi nilikuwa nimeshalipia. Nilipanda Eastleigh alfajiri, nikajifunika mtandio hadi puani, si kwa nia ya kuwakinga abiria wenzangu bali kwa sababu ya upepo wa dirishani. Ni safari ya kilomita 370 hivi. Thika nilikuwa nakohoa, Mwingi nilikuwa nakohoa, hadi mama aliyeketi kando yangu akanihurumia akanipa pipi ya koo. Tulipovuka daraja la mto Tana jua lilikuwa limepanda, na pua yangu ikafunguka. Joto la Garissa lina tabia hiyo. Nikajiambia kwamba nimepona.

Ayeyo, yaani nyanya kwa lugha yetu ya Kisomali, alikuwa ameketi juu ya mkeka kibarazani mwa nyumba yetu mtaani Bulla Iftin. Nilipiga magoti, nikambusu mkono. Naye akanivuta, akanibusu shavu hili na hili. "Hooyo, umekonda," akaniambia. Akina mama wa kwetu huwaita watoto wao kwa jina hilo la mama, kwa mapenzi tu. Usiku huo nililala kando yake kama nilivyozoea tangu utotoni, tukazungumza hadi usiku wa manane.

Siku ya Idd alikuwa mzima, akagawa nyama kwa mkono wake mwenyewe. Siku mbili baadaye alipiga chafya.

Kabla sijaendelea, ni lazima nikueleze Ayeyo ni mtu wa namna gani, usije ukadhani nazungumza juu ya kikongwe aliyekuwa akingojea siku zake. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa Januari 1, 1943. Hiyo si tarehe yake, ni tarehe ya karani. Wazee wetu wengi wameandikiwa Januari 1, na ukiviamini vitambulisho utadhani wanawake wa Kaskazini Mashariki walikuwa wakijifungua siku moja tu katika mwaka mzima. Yeye mwenyewe huhesabu umri wake kwa ukame na kwa vita. Anasema wakati wa vita vya Shifta, vilivyoanza 1963 na kumalizika 1967, tayari alikuwa na watoto wawili, mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Basi sema miaka 80, uongeze au upunguze kidogo.

Miaka hiyo haikuwa imemlaza. Kila asubuhi alikwenda kwa miguu hadi Soko Mugdi, ambako Eddo, shangazi yangu, huuza maziwa ya ngamia. Kazi ya Ayeyo pale ilikuwa kuyaonja maziwa na kuwaambia wauzaji wengine ukweli wao. Hakuwa na kisukari wala shinikizo la damu linalojulikana. Nasema linalojulikana kwa sababu hakuna aliyewahi kumpima.

Basi alipopiga chafya, sote nyumbani tulisema neno moja: hargab. Ni mafua tu. Eddo alimpikia chai ya tangawizi, akamchanganyia asali na habasoda. Siku ya tatu alikuwa na kikohozi kidogo, kikavu, ambacho hata hakikutuamsha usiku. Siku ya tano alikataa chakula. Siku hiyohiyo alikataa hata chai yake ya maziwa, na mtu anayemjua Ayeyo angeshtuka papo hapo. Sisi tulisema hana hamu, atakunywa baadaye.

Siku ya sita aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Akaniuliza kama mbuzi wameshavuka mto. Mbuzi gani? Wale walikwisha kuuzwa, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Tulicheka, msomaji. Nakiri kwamba nilicheka. Binamu yangu mmoja akasema, "Sasa uzee umebisha hodi," nasi tukaitikia kwa vichwa kama watu waliosikia jambo la hekima.

Nilimgusa paji la uso nikakuta halina joto. Nikawaambia wenzangu hakuna homa, kwa hiyo hakuna ugonjwa. Hata hivyo, kwa vile kwetu kila mtu mnyonge hushukiwa malaria, tulimtuma kijana duka la dawa akanunua vidonge vya malaria. Ayeyo hakupimwa damu. Alimezeshwa kwa kubembelezwa, akavitapika.

Na wageni nao! Kumzuru mgonjwa ni wajibu kwetu, na ni wajibu mzuri. Lakini siku zile mbili chumba kilijaa kama matatu ya jioni. Waliingia wenye kukohoa, waliingia watoto wenye kamasi hadi mdomoni, kila mmoja akainama kumbusu. Madirisha yalifungwa ili Ayeyo asipigwe na upepo, kisha chetezo kikaletwa, ubani ukafukizwa hadi nikashindwa kuuona ukuta wa pili. Tulidhani tunamsafishia hewa.

Alfajiri ya siku ya saba alianguka njiani akienda msalani.

Aliyetuokoa hakuwa na elimu kubwa kuliko yangu mimi mwenye diploma ya uandishi. Ni mke wa binamu yangu, muuguzi, ambaye alipita asubuhi hiyo kusalimia. Hakuuliza maswali. Aliketi pembeni ya mkeka, akafunua shali kifuani pa Ayeyo, akatazama saa yake ya mkononi kwa muda wa dakika nzima. Sote tulinyamaza bila kujua tunanyamazia nini. Kisha akasema, "Thelathini na nne. Tafuteni gari."

Alikuwa amehesabu pumzi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akifika 30, hilo si jambo la kungojea kesho. Ayeyo alikuwa amefika 34 huku sisi tumemzunguka tukimwombea na kumfukizia moshi. Hospitalini walimbana kidole kwa kile kijidude cha kupimia oksijeni katika damu. Kilisoma 84. Mtu mwenye afya husoma 95 au zaidi, na chini ya 90 ni hatari wazi.

Alilazwa siku nane, mpira wa oksijeni puani, maji mshipani, na dawa za kuua bakteria kwa sindano. Ilikuwa nimonia, ile inayoitwa pia homa ya mapafu. Daktari aliyekuwa zamu, kijana ambaye huenda ni mdogo kwangu, alinichorea mapafu nyuma ya karatasi. Nitakueleza kama alivyonieleza, kwani hata mimi nilikuwa sijui.

Njia za hewa zimefunikwa kwa ndani na vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kazi yao ni kufagia vumbi na makohozi kuelekea juu, mchana na usiku. Kwa mzee, ufagio huo umechakaa. Kikohozi chake nacho ni dhaifu kwa sababu misuli ya kifua imepungua nguvu, ndiyo maana kile kikohozi kidogo cha Ayeyo kisichotuamsha usiku hakikuwa dalili njema hata kidogo. Zaidi ya hayo, kinga ya mwili wake huchelewa kumtambua adui na huchelewa kumkabili. Virusi vya mafua vikiingia hukwangua utando laini wa njia hizo. Hapo ndipo bakteria waliokuwa wakiishi kimya puani na kooni hupata nafasi ya kushuka mapafuni. Virusi hufungua mlango, bakteria huingia na mizigo yao. Wakati mwingine virusi vyenyewe hushuka na kufanya kazi yote bila kusaidiwa.

"Na mbona hakuwa na joto?" nilimwuliza daktari.

Akaniambia kwamba joto hutengenezwa na mwili katika kupigana, na mwili wa mzee mara nyingi hauna kuni za kuwasha moto huo. Ndiyo sababu mzee anaweza kuwa na nimonia kali huku paji lake la uso likiwa baridi. Ugonjwa wake hujitangaza kwa njia nyingine. Hukataa chakula na maji. Huwa mnyonge ghafla. Huanguka. Huchanganyikiwa, akawaita watu kwa majina ya marehemu na kuulizia mbuzi wasiokuwapo, kwa sababu ubongo umepungukiwa na hewa na maji. Daktari alisisitiza neno moja: ghafla. Kusahau kwa uzeeni huja polepole, mwaka baada ya mwaka. Mzee aliyekuwa na akili timamu siku ya Jumatatu, akapotea siku ya Alhamisi, huyo ni mgonjwa na anastahili kupelekwa hospitali, si kuchekwa.

Nilitoka nje ya wodi nikaketi chini ya mwarobaini nikalia. Kila dalili aliyoitaja tulikuwa tumeiona. Tuliiona, tukaipa jina la uzee.

Sijui ni virusi gani hasa nilivyosafiri navyo kutoka Nairobi. Vipo vya aina nyingi. Kuna influenza, kuna Korona, kuna vile viitwavyo RSV vilivyojulikana tangu 1956, na vingine vingi ambavyo kwa kijana havitofautiani. Vyote huanza na chafya na koo kuwasha. Lugha zetu nazo zinatusaidia kukosea. Kwa Kiswahili cha Kenya mtu husema ana homa akimaanisha mafua, na mwingine husema ana homa akimaanisha joto la malaria, na wa tatu akimaanisha vyote. Jina likiwa dogo, tunadhani ugonjwa nao ni mdogo. Mdharau mwiba mguu huota tende, walisema wahenga, ingawa katika kisa changu mwiba niliukanyaga mimi na mguu uliovimba ukawa wa mwingine.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba influenza ya kila mwaka peke yake huua watu kati ya 290,000 na 650,000 ulimwenguni kutokana na maradhi ya njia ya hewa, na wengi wao ni wazee. Tena tusidhani hayo ni mambo ya Wazungu na theluji yao. Makadirio hayohayo yanaonyesha kwamba sehemu zinazopoteza watu wengi zaidi kulingana na idadi yao ni hizi zetu za Afrika kusini mwa Sahara. Wala si mapafu tu yanayoumia. Watafiti wa jimbo la Ontario nchini Kanada waliandika mwaka 2018 kwamba katika siku 7 za kwanza baada ya mtu kugunduliwa ana influenza, hatari ya kupata mshtuko wa moyo hupanda kiasi cha mara 6. Ni wazee wangapi tumewazika tukisema ni moyo, na hakuna aliyekumbuka kwamba juma lile walikuwa na mafua?

Utasema, Garissa ni joto, mafua ni ya Limuru na Nyahururu. Nami niliamini hivyo. Lakini hospitali ya Garissa imekuwa miongoni mwa hospitali zinazotumiwa nchini kuchunguza influenza kwa miaka mingi, na kambi za wakimbizi za Dadaab pia zimechunguzwa hivyo, na influenza imekuwa ikipatikana. Kenya haina hata msimu mmoja wa ugonjwa huu kama Ulaya ilivyo nao. Huzunguka mwaka mzima. Kiangazi huleta vumbi, mvua hutufungia ndani, na kila Idd huleta mabasi kutoka Nairobi yenye watu kama mimi.

Ajabu ni kwamba tulikwisha kufundishwa somo hili kwa nguvu. Mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa nchini Machi 13, 2020. Mwezi uliofuata Mandera ilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na baadaye mwezi huohuo Dadaab na Kakuma zikafungwa pia. Misikiti ilifungwa. Ilipofunguliwa Julai 2020, walioruhusiwa kuingia ni wenye umri wa miaka 13 hadi 58 pekee. Jirani yetu mmoja, mzee ambaye kwa zaidi ya miaka 40 hakukosa swala ya alfajiri msikitini, aliambiwa akae nyumbani. Alikasirika asiseme na mtu kwa siku kadhaa. Mwaka 2022 alikuwa tayari ameweka akiba ya Hija, na Saudi Arabia ikatangaza kwamba mwaka huo haipokei aliyefikisha miaka 65. "Hata Makka wananihesabia miaka!" alilalamika kibarazani kwetu, naye Ayeyo akamcheka.

Sisi vijana tulidhani sheria zile ni za kuwadhalilisha wazee, au ni za siasa. Ni wachache waliotueleza kwa lugha tuliyoielewa kwamba virusi vilevile vilivyompa kijana kikohozi cha juma moja vilikuwa vinamzika babu yake, na kwamba idadi kubwa ya waliokufa kwa Korona duniani walikuwa wazee. Chanjo zilipofika nchini Machi 2021, baada ya muda mfupi waliotimiza miaka 58 walitangulizwa. Lakini mwaka huo kaunti zetu za Kaskazini Mashariki zilikuwa miongoni mwa zilizobaki nyuma. Wengi walisikia mambo ya kutisha kwenye simu zao wakaogopa. Ayeyo hakuchanjwa. Hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyempeleka, vilevile.

Mzee yule jirani, kwa kukamilisha habari yake, alihiji mwaka huohuo wa 2023 kizuizi cha umri kilipoondolewa. Alirudi Julai, Ayeyo akiwa ametoka hospitali, naye akiwa na kikohozi kilichomlaza majuma mawili. Mahujaji wengi hurudi nacho. Watu zaidi ya milioni moja kutoka kila pembe ya dunia wakikusanyika mahali pamoja, kila mmoja huja na kikohozi cha kwao. Alhamdulillahi alipona, lakini tulimzuia kuja kwetu, naye safari hii hakukasirika.

Kuna jambo jingine ambalo wafugaji hawapendi kulisikia, nami nimekulia kwa maziwa ya ngamia kwa hiyo nina haki ya kulisema. Mwaka 2012 iligunduliwa Saudi Arabia jamaa ya Korona iitwayo MERS, ambayo chimbuko lake kwa binadamu ni ngamia. Walipopimwa ngamia wa Kenya, damu iliyohifadhiwa tangu 1992 ilionekana kuwa na alama kwamba wamewahi kuambukizwa. Kisha watu 1,122 wa Garissa na Tana River, wanaoishi na mifugo, walipimwa damu iliyochukuliwa kati ya 2013 na 2014, na wawili wakakutwa na alama hizo. Wawili ni wachache, wala sikuambii umkimbie ngamia wako. Lakini miongoni mwa wagonjwa wa MERS waliothibitishwa duniani, zaidi ya theluthi moja wamekufa, na wanaoumia zaidi ni wazee na wenye kisukari au figo. Kwa hiyo mzee asiachiwe kazi ya kumshika ngamia anayetokwa na kamasi, na maziwa yake yachemshwe. Ayeyo huniambia maziwa yaliyochemshwa hayana ladha. Hapo tumekubaliana kutokubaliana, ila chai yake mimi huichemsha mara mbili.

Sasa turudi kwake. Nilikuwa nimekwisha kuomba ruhusa kazini mara mbili alipotolewa hospitali. Alikuwa amepona, karatasi ilisema hivyo. Pumzi zilikuwa 18, oksijeni 95, na mbuzi wote wamesahauliwa. Lakini miguu haikurudi. Siku nane za kulala kitandani kwa mtu wa miaka 80 humaliza misuli ambayo kijana angeirudisha kwa mwezi mmoja. Tulimnunulia mkongojo. Mwanzo aliutupa, kisha akauzoea. Lakini Soko Mugdi hajafika tena kwa miguu yake. Eddo humletea maziwa ya kila muuzaji kwenye vichupa ayaonje kibarazani, naye hutuma salamu kali.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, msomaji, kwani halipo katika hesabu yoyote. Hesabu za wakubwa huorodhesha waliokufa. Ayeyo hakufa. Yeye alipoteza tu njia ya kutoka Bulla Iftin hadi sokoni, iliyokuwa nusu ya maisha yake. Na aliyeichukua ni mjukuu wake mpenzi.

Nilipompasulia ukweli huo, miezi kadhaa baadaye, alinitazama kwa mshangao. Akasema ajali imeandikwa na Mungu. Nikamwambia ndiyo, lakini basi nilipanda mimi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nauli ilikuwa kiasi gani.

Tangu hapo nimekuwa msumbufu wa ukoo. Nimenunua kile kijidude cha kidole, kinakaa katika kabati la vyombo, na Eddo ameshajifunza kukisoma. Hesabu ya pumzi inajulikana hata na watoto, kwani haihitaji ila saa na utulivu. Wageni wa mgonjwa hukaribishwa kibarazani penye hewa, wawili wawili, na mwenye kukohoa husalimia akiwa mbali. Mwanzoni walinung'unika kwamba Nairobi imenifundisha kiburi. Chetezo huwashwa uani. Madirisha hufunguliwa. Mtoto mwenye kamasi hapandi mkeka wa Ayeyo mpaka apone, na huo ndio ugomvi mkubwa kuliko yote, kwa kuwa Ayeyo mwenyewe ndiye huwaita kwa siri akiwa na tende mkononi.

Nimeulizia pia chanjo. Ya influenza hutolewa kila mwaka, kwani virusi hivyo hubadilika, nayo hupatikana katika baadhi ya hospitali za kibinafsi. Haizuii kila mafua, na ni vyema ujue hivyo usije ukaiita ya uongo siku mzee wako atakapopiga chafya. Kazi yake hasa ni kuupunguza ukali, ili mafua yabaki mafua. Ipo ya Korona. Ipo ya bakteria wa nimonia, ambayo watoto wetu huipata kliniki tangu 2011, na watafiti wa Kilifi wameonyesha kwamba watoto wakichanjwa hata watu wazima wanaoishi nao huugua kidogo. Ile ya RSV kwa wazee iliidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, huko Marekani. Anayempeleka mzazi wake Hija, siku ya sindano ya homa ya uti wa mgongo aulizie na ya influenza palepale. Zungumza na daktari wa mzee wako, si mimi, maana mimi ni mwandishi tu.

Ayeyo alichanjwa influenza mwaka uliofuata. Alikunja uso kabla sindano haijamgusa, kisha akamwuliza muuguzi kama ameolewa.

Safari yangu ya hivi karibuni nilifika Garissa jioni. Nilikuwa nimeamka siku hiyo na koo linalowasha, kidogo tu, ambalo zamani nisingelihesabu. Nilivaa barakoa tangu Eastleigh. Nilipofika nyumbani sikupanda kibarazani. Nilivuta kigoda nikaketi kwenye mchanga, mita tatu hivi kutoka kwenye mkeka, nikamsalimia kutoka pale.

Alinyosha mkono niubusu. Nikamwambia nina hargab. Akaniambia hajali. Nikamwambia mimi najali. Akafyonza, akatazama upande mwingine kwa muda, nikadhani ameghadhibika kweli. Kisha akapapasa nyuma yake, akautoa mkongojo, akaunyosha hadi ncha yake ikafika magotini pangu.

"Basi shika huo," akasema.

Nikaushika. Tukakaa hivyo, yeye ameshika upande wake nami wangu, akaanza kuniuliza habari za Nairobi.